Mkanda, Suspenda na Lakiri

Ningeanza na paukwa, lakini katika Jamhuri ya Shwari kuitikia "pakawa" bila kibali ni kosa, na sipendi kumtia msomaji matatani mapema hivi. Tuingie tu bila hodi. Shwari ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina Mtukufu Kiongozi asiyechoka kuongoza, na ina wananchi wenye kipaji kisichopatikana kwingine: wanajua kutazama juu.

Kipaji hicho kilionekana vizuri Siku ya Taifa, ule mwaka wa suruali. Mtukufu Kiongozi alisimama jukwaani akanyanyua mikono yote miwili kuwabariki watu wake. Tumbo likaingia ndani, mkanda ukalegea, suruali ikateremka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Uwanja mzima ukatazama juu kwa pamoja. Watu walitazama mawingu, wakatazama kunguru, na askari wakatazama ncha za bunduki zao. Mpaka wasaidizi walipomaliza kuipandisha, hapakuwa na raia hata mmoja aliyeiona. Jioni redio ilitangaza kwamba sherehe zilifana na hali ya anga ilikuwa ya kupendeza.

Hata hivyo iliundwa tume. Wajumbe walikwenda nchi za baridi, wakakagua suruali za mataifa yaliyoendelea kupitia madirisha ya hoteli, wakarudi wamenenepa. Ripoti yao ilisema suruali ya Mtukufu haikushuka kamwe. Ni nchi iliyopanda ghafla kwa wingi wa maendeleo. Lakini kwa tahadhari walipendekeza kila mwanamume wa Shwari avae mkanda na suspenda kwa pamoja, yaani mkanda kiunoni na zile kanda mbili za mpira zipitazo mabegani, hata kama suruali yenyewe inambana mpaka hawezi kuinama.

Aliyetoa pendekezo hilo alikuwa mjumbe mmoja mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, Dakta Kasmiri Bungala, aliyeletewa udaktari wake kwa posta. Aliteuliwa papo hapo kuwa Waziri wa Ushikizi.

"Ndugu wananchi," alinguruma siku ya kuapishwa, "mkanda peke yake ni ubishi! Suspenda peke yake ni uvivu! Vyote viwili kwa pamoja ndio utii! Mwanamume anayeuamini mkanda peke yake, kesho atauamini upinzani!"

Wanaume walimpigia makofi ya mkono mmoja kwenye paja, maana mikanda yote ilikuwa imekusanywa kwa ajili ya uhakiki na ule mkono wa pili ulikuwa na kazi. Mtukufu mwenyewe tangu siku ile hakuvaa suruali tena. Alivaa joho.

* * *

Sheria mpya ilikuwa na tundu. Wanaume walitoka nyumbani wamevaa vyote viwili, wakifika kona wanavua kimoja na kukitia mfukoni. Waziri Bungala hakulala usingizi mpaka alipoleta dawa yake, nayo ni lakiri, muhuri wa waya na bati.

Kila asubuhi kila mwanamume alipita kwenye kituo cha mtaa wake. Pale afisa alipitisha waya kwenye bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda, na kwenye vibanio vya suspenda, akaufunga kwa kipande cha bati laini chenye nembo ya taifa, akakibana kwa koleo. Hapo suruali haivuliki mpaka jioni. Kwa wale waliobanwa na haja mchana, vilijengwa Vituo vya Ufunguzi kando ya vyoo vya umma, na kazi ya ufunguzi wakapewa wanawake, kwa kuwa kisheria wao hawavai suruali na hivyo hawana upande.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mwenye shida anataja jina, anataja ukoo, anataja sababu. Ikiwa ni haja ndogo, Mfunguzi anafungua mwenyewe. Ikiwa ni haja kubwa, inatakiwa idhini ya Afisa wa Pili, kwa sababu nchini Shwari jambo kubwa haliamuliwi na mtu mmoja.

Wakubwa nao walipigwa lakiri, ila za kwao zilikuwa za nta ya mshumaa iliyopakwa rangi ya fedha. Ukizigusa tu zinaachia. Kila mtu alilijua hilo, na kila mtu akatazama juu.

* * *

Sasa nimtaje Sikitu, maana hadithi ni yake.

Sikitu Mnyalape aliuza magimbi ya kuchemsha kwenye lango la soko, na aliishi na baba yake, Mzee Mnyalape, mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya reli. Mzee alikuwa msafi kupita kiasi. Alijipigia pasi suruali yake ya kaki kila asubuhi, hata siku asiyokuwa na safari, na hakukaa kwenye benchi la mtu kabla ya kulifuta kwa leso. Watoto wa mtaani walimwita Bwana Sabuni, naye akipita anawanunulia karanga kwa furaha ya jina hilo. Mkanda wake wa reli ulikuwa na bizimu ya shaba aliyoing'arisha kwa majivu. Ulimshikia suruali maisha yake yote, haujamwaibisha. Sheria ilipokuja alinunua suspenda akavaa, akanung'unika kwa sauti ya chini, basi.

Siku moja jirani alimkaribisha maharage yaliyolala. Mzee alikula, kwa kuwa hakujua kukataa sahani ya mtu. Saa sita mchana akawa kwenye Kituo cha Ufunguzi cha sokoni, jasho linamtoka, anahama mguu mmoja hadi mwingine. Mfunguzi wa zamu alikuwa Bi. Kandida, mama mmoja mnene mwenye huruma. Alimwona mzee, akaelewa, akainua koleo bila kuuliza chochote.

Bahati mbaya Waziri alikuwa amefika kukagua kituo, na kamera zake.

"Simamisha!" akapaza sauti. "Mama, shusha koleo. Kamera, sogea hapa. Tuwaonyeshe wananchi utaratibu unavyokwenda. Mzee, jina?"

"Mheshimiwa, mwanangu, mimi mtu mzima," Mzee Mnyalape alisema. "Nisitiri."

"Jina!"

Akataja. Akataja na ukoo. Akataja na sababu, kwa sauti ambayo hata Bi. Kandida aliyekuwa mbele yake hakuisikia, na Waziri akamtaka airudie kwenye kinasa sauti.

"Haja kubwa," Waziri akawaeleza watazamaji. "Haya, Afisa wa Pili yuko wapi?"

"Amekwenda kunywa chai, Mheshimiwa," Bi. Kandida akajibu. "Niruhusu tu nimfungulie mzee wa watu, nakuomba."

"Utaratibu haumjui mtu, mama. Atasubiri. Tumbo la mzalendo husubiri!"

Tumbo la Mzee Mnyalape halikusubiri. Mbele ya foleni, mbele ya kamera, na mbele ya binti yake aliyekuwa amekuja mbio na sufuria ya magimbi kichwani, yakatokea yale ambayo mzee yule aliyaogopa kuliko kifo. Watu kwa tabia yao njema wakaanza kutazama juu. Lakini Waziri akawakemea.

"Msitazame juu! Huyu si mkubwa! Mtazameni mjifunze!"

Wakamtazama. Waziri akacheka, na kwa kuwa Waziri alicheka, foleni nzima ikacheka.

Sikitu alivua khanga yake ya juu akamfunga baba yake kiunoni, akamshika mkono, wakaondoka. Nyumbani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kukata lakiri, aliichana suruali kwa kisu cha jikoni akamvua vipandevipande. Mkanda na suspenda vikabaki vimeshikamana, lakiri imekaa palepale. Aliviosha akavitia ndani ya kopo la biskuti. Mzee aliomba maji ya kuoga. Akaoga, akaomba tena. Akaoga tena. Kisha akalala ameelekea ukutani.

Redio ya taifa ilirusha tukio lile kila asubuhi katika kipindi cha mafunzo, pamoja na vicheko. Mzee Mnyalape hakutoka nje tena, hakuligusa tarumbeta lake, na mvua za kwanza zilimkuta ameshazikwa.

* * *

Baada ya matanga Sikitu alikwenda kwa Waziri. Alimkuta anatafuna korosho.

"Sidai chochote, Mheshimiwa," alisema. "Naomba useme redioni, mara moja tu, kwamba baba yangu alikuwa mtu msafi. Watu wanamkumbuka kwa lile. Wanaliita kaburi lake kwa jina baya."

Waziri alitafuna mpaka akamaliza iliyokuwa mdomoni.

"Binti, serikali haiwezi kuwaombea radhi matumbo ya watu. Lakini nimesikia wewe ulichana suruali yenye lakiri kwa kisu. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Sitakushtaki. Umenipa wazo zuri sana. Karibu korosho."

Wiki hiyohiyo sheria ikaongezewa kifungu. Suruali zote zishonewe nyuzi za chuma kiunoni, na mtu yeyote, awe raia au mlinzi, asionekane na kisu, wembe wala mkasi karibu na kituo cha lakiri au penye mkutano wa hadhara. Kwa ucheshi wake Waziri alikiita Kifungu cha Mnyalape. Kwa hiyo jina la mzee yule msafi, lililopigiwa makofi zamani kwenye stesheni zote za reli, likabandikwa kwenye milango ya vyoo vya umma nchi nzima.

Sikitu alikisoma kibandiko hicho cha kwanza sokoni. Hakulia. Alihisi hasira ikimshuka tumboni, nzito, ikakaa humo na kukataa kumpisha chakula. Kuanzia siku ile alikula ili asianguke tu. Matonge matatu, anasukuma sahani. Na usimwonee huruma mapema, msomaji, kwa sababu hasira ile aliilea vizuri kuliko watu wengi wanavyolea watoto.

Asubuhi yake aliyaacha magimbi akaenda kuomba kazi ya Ufunguzi.

"Ukimwona mtu anateseka na utaratibu haujakamilika, utafanya nini?" akaulizwa kwenye usaili.

"Nitasubiri ukamilike."

"Na kama ni ndugu yako?"

"Nitamuuliza jina lake."

Walimpa kazi kabla hajaketi.

* * *

Hakuna Mfunguzi aliyechukiwa kama Sikitu. Hakupokea karanga, hakupokea salamu ndefu, hakumfungulia mtu kabla ya swali la mwisho. Mjomba wake mwenyewe alisimama mbele yake akiwa amekunja miguu, akaulizwa ukoo wake, akautaja huku akilia kwa hasira. Mtaani walisema binti wa Mnyalape amewaramba miguu waliomuua baba yake. Aliyasikia. Yalimuuma, lakini aliyahitaji.

Wizarani sifa zake zilipanda. Akapelekwa kituo cha mkoa, kisha makao makuu, mpaka akakabidhiwa koleo lililopakwa rangi za taifa na cheo cha Mfunguzi wa Jukwaa Kuu. Huko alimkuta Bi. Kandida. Yeye alikuwa Afisa wa Pili sasa. Alipandishwa cheo kwa tukio la sokoni, kwa kuwa picha zilionyesha kwamba hakufungua.

"Mwanangu," Bi. Kandida alimwambia walipobaki wawili, "mimi najua ulichokifuata huku. Hasira hasara."

"Hasara ya nani, mama?"

Bi. Kandida alikuwa bado anaota ule mkono wake uliokuwa umeinua koleo na kulishusha.

"Mimi nililishusha," akasema. "Nilikuwa na watoto wa kusomesha, nikalishusha. Ukinihitaji, niambie."

"Sikuhitaji ufanye kitu. Siku ikifika, nitahitaji usiwepo."

"Kutokuwepo naweza," alisema Bi. Kandida. "Serikali imenifundisha."

Siku ya Taifa ilipokaribia, Waziri aliita mkutano kutangaza kazi yake mpya, Lakiri ya Milele, isiyokatika kwa meno wala jiwe ila kwa koleo la taifa peke yake. Wasaidizi wakapiga makofi. Sikitu akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, kuna wananchi wenye midomo michafu wanasema lakiri za wakubwa ni nta. Mimi naumia nikiwasikia. Itakuwaje Mheshimiwa ukipigwa Lakiri ya Milele ya kweli, wewe wa kwanza, jukwaani, mbele ya Mtukufu Kiongozi? Nani atasema tena?"

Waziri alifikiri. Aliona kamera, akaona Mtukufu akitabasamu, akaona na kiti cha Waziri Mkuu, ambaye alikuwa mgonjwa.

"Huyu," akasema akimnyooshea kidole Sikitu, "ndiye raia. Nyinyi wengine jifunzeni kwake. Unaitwa nani vile?"

"Sikitu, Mheshimiwa."

Hakuuliza la baba.

* * *

Siku ya Taifa ilianza vizuri. Asubuhi Waziri alifungua Semina ya Faida za Subira kwa maafisa wote wa ngazi ya pili, akawafungia ndani ya ukumbi ulio ng'ambo ya mji, na kuamuru mtu asitoke mpaka mada zote ziishe. Bi. Kandida alikaa kiti cha mbele kabisa, karibu na feni. Waziri angeweza kukumbuka kwamba Afisa wa Pili huenda akahitajika kwingine, lakini waziri wa Shwari hawazi kuwa sheria yake itamfika mwenyewe.

Uwanjani, mbele ya Mtukufu na joho lake, Sikitu alimpiga Waziri Lakiri ya Milele. Waya ukapita kwenye bizimu, ukapita kwenye vibanio vya suspenda, koleo likabana. Waziri akazungusha kiuno kuonyesha umma kwamba imeshika. Shangwe zikapanda.

Kisha ikaja ile desturi ya Mitungi ya Umoja. Nchini Shwari, siku hiyo, kila wilaya huleta mtungi wa maziwa ya mgando, na mgeni wa heshima hunywa kutoka kila mmoja, kwani kuuruka mtungi wa wilaya yoyote ni ukabila. Mgeni wa heshima mwaka huo alikuwa Waziri Bungala. Mitungi ya wilaya za mbali ilikuwa imesafiri siku kadhaa juani kwenye malori. Sikitu hakutia kitu ndani yake, hata punje ya chumvi. Napenda hilo lieleweke. Alisimama tu nyuma ya Waziri na koleo lake, akimtazama anavyofuta mdomo na kusifia ladha ya kila wilaya.

Waziri akaanza kutoa hotuba. Mada ilikuwa subira.

"Ndugu wananchi! Subira ni... ni..." akakohoa. "Subira ni nguzo. Taifa lisilo na... taifa..."

Akasimama wima sana. Jasho likatokea kwenye paji la uso, likateremka mpaka kwenye kola. Akaendelea na sentensi mbili za haraka, akasimama tena, akainamisha kichwa upande. Kisha akamwita Sikitu kwa kidole. Kipaza sauti kilikuwa kimebanwa kwenye suspenda yake, fahari ya wizara, na mazungumzo yote yakasikika mpaka kwenye viti vya jua.

"Nifungulie. Haraka."

"Jina?" akauliza Sikitu.

"Wewe una wazimu? Unanijua!"

"Utaratibu haumjui mtu, Mheshimiwa."

Watu walikumbuka walikoyasikia maneno hayo. Redio ilikuwa imeyarudia asubuhi nyingi.

"Kasmiri Bungala! Ukoo wa Bungala! Haya, kata!"

"Sababu?"

"Haja!"

"Ndogo au kubwa?"

Waziri alifunga macho. Upepo ulisikika ukivuma kwenye vipaza sauti.

"Kubwa," akasema, na neno hilo likaenda likazunguka uwanja, likarudi.

"Haja kubwa inataka idhini ya Afisa wa Pili," Sikitu akasema. "Naye yuko Semina ya Subira. Mheshimiwa ndiye uliyeamuru asitoke mtu."

"Mlinzi!" Waziri akapiga kelele. "Kisu! Leta kisu!"

Mlinzi alijipapasa mifuko yote, uso umemsawijika. "Hatuna, Mheshimiwa. Kifungu cha Mnyalape."

Waziri aliishika ile lakiri kwa mikono miwili akaivuta. Akaivuta tena. Ilikuwa kazi nzuri, na yeye ndiye aliyeisimamia. Akageuka kumtazama Mtukufu Kiongozi. Mtukufu alikuwa anatazama juu.

Hapo sauti yake ikabadilika. "Binti yangu," akasema, "mimi mtu mzima. Nisitiri."

Sikitu hakuwa ametegemea kuyasikia maneno yaleyale. Kwa muda mfupi sana, na nalisema ili asionekane wa chuma, mkono wenye koleo ulisogea mbele. Halafu akakumbuka ukuta ambao baba yake aliutazama mpaka mwisho.

"Sema Mzee Mnyalape alikuwa mtu msafi."

"Nani?"

"Mnyalape. Umeliandika kwenye vyoo vyote vya nchi hii na humjui?"

Akamjua. Sikitu aliona uso wake ulivyobadilika alipomjua.

"Mzee Mnyalape alikuwa mtu msafi," Waziri akasema.

"Hawajasikia kule nyuma."

"Mzee Mnyalape alikuwa mtu msafi! Mpiga tarumbeta, mtu msafi! Mimi ndiye niliyemzuia! Nilimzuia makusudi, nikacheka! Alikuwa msafi kuliko sisi wote hapa! Haya nimesema, nimesema, kata!"

"Asante, Mheshimiwa," Sikitu akasema, akalitia koleo mfukoni mwa aproni yake. "Sasa tumsubiri Afisa wa Pili."

"Lakini nimesema!"

"Umesema vizuri. Tumbo la mzalendo husubiri."

Halikusubiri.

Jukwaa lote likatazama juu. Mawaziri, majaji, mabalozi waliokwisha kuzoea nchi, wote shingo nyuma. Uwanja mzima nao ukatazama juu, kwa tabia. Anga siku hiyo halikuwa na wingu wala kunguru, na hapakuwa na cha kutazama. Kule kwenye viti vya jua, walipokaa wastaafu wa reli, mzee mmoja akashusha macho. Akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Yule naye akashusha. Kisha safu, kisha upande mzima, mpaka uwanja wote ukawa unamtazama Waziri Kasmiri Bungala kimya, mwenye mkanda, mwenye suspenda, mwenye lakiri isiyokatika, suruali yake ikiwa imeshikika barabara.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekuwa amewaamuru.

* * *

Jioni redio ilitangaza kwamba sherehe zilifana na hali ya anga ilikuwa ya kupendeza. Watu walizima redio zao wakaendelea kusimuliana.

Sikitu alikamatwa, lakini majaji walipoisoma sheria mbele na nyuma hawakupata alipokosea hata nukta. Kumfunga kungekuwa kukiri kwamba sheria ina kasoro. Kumwacha kungekuwa kukiri kwamba lilitokea jambo. Kwa hiyo wakampa Nishani ya Utaratibu na kumstaafisha. Dakta Bungala walisema amekwenda ng'ambo kusoma. Yuko shambani kwake. Anavaa msuli, na mtu akikohoa barabarani anaingia ndani. Vibandiko vya vyooni vilibanduliwa na watu wasiojulikana, na wale waliocheka sokoni siku ile walikuja mmoja mmoja kulisafisha kaburi la Mzee Mnyalape, wakimkwepa binti yake kwa macho. Hakuwafukuza. Hakuwakaribisha pia.

Lile koleo la taifa hawakukumbuka kumnyang'anya. Siku alipotoka mahabusu alikwenda moja kwa moja nyumbani, akalitoa kopo la biskuti, akatoa mkanda wa reli na suspenda vikiwa bado vimeshikamana. Akalishika koleo, akaikata lakiri. Ikadondoka sakafuni. Aliitoa bizimu ya shaba kwenye suspenda, akaing'arisha kwa majivu mpaka ikarudia rangi yake, akautundika mkanda peke yake msumarini, chini ya tarumbeta.

Wapo wanaosema kisasi hakishibishi. Labda kwingine. Sikitu aliingia jikoni akasonga ugali, akachemsha na maharage. Alikula sahani nzima, akapakua ya pili, akaifuta mpaka ikang'aa.